Mwenye Maji wa Bafu la Katani

Siku Teizo alipomwona Bibi Masue kwa mara ya kwanza, mvuke ulikuwa ukifuka kichwani pake kama sufuria iliyofunuliwa. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jiwe mbele ya Bafu la Katani, uso mwekundu, miguu mitupu juu ya theluji ya kwanza, anatafuna achari ya majani ya figili huku akimgombeza kijana mmoja mwenye kamera.

"Umefungulia bomba la maji baridi," alimwambia. "Usibishe. Nimelisikia likilia ng'ambo ya ukuta."

"Bibi, maji yalikuwa yanaunguza."

"Ulitaka yafanye nini, yakuimbie?"

"Kitabuni imeandikwa kwamba maji ya hapa ni vuguvugu kama kiganja cha mama."

"Basi kaoge kitabuni."

Kijana alicheka, akadhani ni mzaha, akampiga picha. Bibi Masue akamgeuzia mgongo, na hapo ndipo alipomwona mwanamume mwingine amesimama kando ya njia, furushi mgongoni, macho chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Na wewe? Kitabu chako kiko wapi?"

"Sina," alisema Teizo. "Nimekuja... ile kazi."

"Sauti yako umeiacha mlimani?"

"Kazi ya kutunza maji."

"Ahaa. Mchoma mkaa." Bibi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Kwa masizi hayo usiyaguse maji yangu. Kajisugue kwanza."

Teizo akaenda kujisugua.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Shule aliiacha darasa la sita, akamfuata baba yake kwenye matanuri ya mkaa ng'ambo ya mlima, na huko angezeekea kama watu wa mijini wasingeanza kupikia gesi. Matanuri yaliporomoka moja baada ya jingine, miti ikaota ndani yake. Mtunza maji wa Bafu la Katani alipofariki, nyumba kumi na mbili za kitongoji cha chini cha Hinokura, zinazolimiliki bafu lile, zikamtafuta mtu asiyeogopa joto na asiye na maneno mengi. Kwa ukimya walipata zaidi ya walichotaka. Teizo akisalimiwa aliitazama miguu ya anayemsalimu. Kufika majira ya kuchipua alikuwa anawajua watu wote wa kitongoji kwa mitalawanda yao.

Kazi yenyewe aliipenda. Maji yalitoka kwenye chemchemi juu ya kilima yakichemka, kule ambako akina mama hutokosea mayai na mboga, yakateremka kwa mfereji wa mbao mpaka nyuma ya bafu. Hapo palikuwa na vizibo viwili vya mti, kimoja cha upande wa wanaume, kimoja cha upande wa wanawake. Ukikilegeza kizibo, moto unaongezeka. Ukikikaza na kuyapiga maji kwa ubao mrefu, yanatulia. Maji baridi hayachanganywi. Bomba la baridi lilikuwepo kwa ajili ya kusuuzia nywele tu, na Teizo alilifunga kwa kamba.

Kuamua joto hakukuwa kazi yake. Katika Bafu la Katani, aliyetangulia kuingia asubuhi ndiye mwenye maji. Yeye husema leo yawe makali au yawe laini, na anayekuja baada yake, hata awe nani, huomba: "Mwenye maji, niyalainishe kidogo?" Akiambiwa hapana, anaingia hivyo hivyo au anarudi kwake kuosha miguu kwenye beseni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja. Upande wa wanawake mwenye maji alikuwa Bibi Masue kila siku, kwa sababu hakuna mwenzake aliyeona sababu ya kushindana naye kuamka.

Bibi Masue mwenyewe alikuwa na sababu nzuri ya kuamka. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu alipelekwa kwenye kiwanda cha hariri ng'ambo ya mlima, akaketishwa mbele ya karai la maji ya moto kuvuta nyuzi kutoka kwenye vifukofuko. Ujana wake wote uliishia katika karai lile. Sasa alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, na kila alfajiri vidole vyake viliamka vimejikunja kama miguu ya kuku aliyelala juu ya kijiti. Dawa za hospitali hazikuvifungua. Vilifunguliwa na maji makali ya Bafu la Katani, akizama mpaka shingoni na kuviweka viganja chini ya mdomo wa mfereji. Akitoka hapo anakwenda nyumbani kusuka vikapu vya mbugu za msituni mpaka mchana, na vikapu hivyo ndivyo vilivyomlisha. Asipooga maji ya moto, hakuna kikapu.

Teizo aliyajua haya kidogo kidogo, kwa kuyasikia. Ukuta kati ya wanaume na wanawake haukufika darini, na yeye alikuwa upande wa pili akisugua mbao.

"Bibi Masue, leo umeamua kutupika?" Huyo alikuwa Fusa, mke wa mtengeneza tofu ya soya.

"Wewe mwenye mafuta hayo hutapikika. Utakaangika."

"Teizo, uko huko? Umesikia ninavyotukanwa?"

Teizo akaendelea kusugua.

"Hajibu. Mume wangu angenyamaza hivi siku moja tu, ningemkaangia tofu bure."

"Mwache. Akisema neno moja leo, kesho atakuwa mgonjwa."

Wanawake walicheka, na Teizo naye alicheka, peke yake, na brashi yake mkononi.

Tatizo lilikuwa kitabu. Zamani, kabla ya vita, mwandishi mmoja wa mji mkuu alikuja Hinokura kutibu kifua, akakaa majira mazima, kisha akaandika hadithi ya mgonjwa na msichana wa bafuni aitwaye Okayo. Mwandishi alikufa, kitabu kikaingia shuleni, halafu kikafanywa mchezo wa televisheni, na treni zikaanza kushusha vijana wa mijini, kila mmoja na kitabu kwapani. Hinokura ikasimamisha jiwe lenye maneno ya kitabuni. Kukawa na maandazi ya Okayo ya kupikwa kwa mvuke na taulo za Okayo. Nusu ya nyumba za kitongoji zilikodisha vyumba, na nusu nyingine zilichemsha maharage ya kutia ndani ya maandazi. Waliokuwa wamekisoma kitabu walikuwa wachache sana.

Na wageni wote, bila kukosa, walitaka maji vuguvugu.

Bwana Kuramochi, mwenyekiti wa wenye hoteli, ndiye aliyeleta habari ya bomba. Alikuwa mtu wa sauti laini, hatembelei nyumba ya mtu mikono mitupu. Alisema litatandazwa bomba la maji baridi na kuunganishwa na mfereji, moja kwa moja, ili wageni wasiungue. Nyumba kumi na mbili zikakaa kikao sebuleni kwa Fusa. Hapo kwao kura hazipigwi. Watu huzungumza mpaka asiwepo anayepinga. Kumi na moja walinyamaza.

"Mimi nakataa," alisema Bibi Masue.

Kikao cha pili alikataa. Cha tatu alikataa, akaongeza kwamba desturi ya bafu haiguswi, na kwamba chai ya Fusa ilikuwa nyepesi.

Baada ya hapo Kuramochi akamfuata kwenye ngazi ya bafu, kifurushi cha peremende za maharage mkononi. Teizo alikuwa chini yao, anakwangua kuvu kwenye jiwe.

"Mama, nimekuletea kitu kidogo."

"Ukija na kitu kidogo unataka kitu kikubwa. Sema."

"Bomba nitaliacha." Kuramochi alichuchumaa. "Ila wageni wanamtafuta Okayo, Mama. Kila siku wananiuliza, yuko wapi, aliishi kweli? Na mimi sina cha kuwaonyesha ila jiwe."

"Waonyeshe jiwe."

"Wewe umri wako unafaa. Na ulimi unao. Ukishaoga asubuhi, keti hapa mlangoni na kimono ya kizamani. Wakikuuliza, wajibu. Msimu wa majani mekundu tu. Na mimi nitasimama mbele ya wenzangu niseme bomba lisitajwe tena. Bafu libaki na desturi zenu kama zilivyo."

"Yaani niseme mimi ndiye yule msichana? Mwaka aliokuja huyo mtu wenu mimi nilikuwa kiwandani navuta hariri."

"Huna haja ya kusema. Wewe usikatae tu."

Bibi Masue aliifungua mikono yake na kuifumba. "Teizo, unasemaje?"

"Sijui, Bibi."

"Anajua. Ila maneno yake huja kwa njia ya mzunguko." Akamgeukia Kuramochi. "Desturi zetu kama zilivyo."

"Kama zilivyo," alisema Kuramochi.

Basi akaketi. Kimono ilikuwa ya mama yake Kuramochi, ilimbana makwapani. Wageni walikuja kwa makundi, wakamwinamia kama aliyerudi kutoka vitani.

"Ni wewe?"

"Kuna mwingine unayemwona?"

"Ulimpenda?"

"Nani?"

"Yule mgonjwa."

"Alikuwa mtu wa kukohoa sana."

Waliyaandika maneno hayo. Teizo, akiwapokea viatu, alitamani ardhi immeze yeye kwa niaba ya Bibi. Siku moja mwanafunzi mwenye miwani alisimama mbele ya Bibi Masue akipekua kurasa.

"Lakini Okayo anakufa. Sura ya mwisho. Anafia kwenye theluji."

"Nilipona," alisema Bibi Masue.

Wageni walipokwisha aliivua mitalawanda akamgeukia Teizo. "Mbona hukuniambia nimekufa?"

"Sijafika huko. Nimesoma kurasa chache."

"Kitabu umekinunua majani yakiwa kijani!"

"Herufi zake ngumu, Bibi."

"Mimi hapa naaibika mbele ya watoto wa watu, na wewe unasema herufi."

Kuramochi alisikia habari hiyo, akaja mbio. Alimwomba aseme yeye ni yule binti ambaye mwandishi alimwona akamtungia Okayo, siyo Okayo mwenyewe.

"Kwa hiyo sasa mimi ni nani?"

"Wewe ni yule kabla hajawa yule."

"Nitasema nilipona. Ni fupi."

Alirudi nyumbani kila siku koo limekauka na hasira zimejaa, lakini asubuhi maji yalikuwa makali, vidole vilifunguka, vikapu vilisukwa. Bei ndiyo hiyo, alimwambia Fusa kupitia mvuke. Fusa akasema mbona wengine hulipa zaidi na wala hawapewi kimono.

Halafu ikaja siku ya mvua. Wageni walikuwa wachache, na mwanamke mmoja mwenye nywele fupi akaketi karibu na Bibi Masue chini ya ukingo wa paa. Hakuuliza habari za mapenzi.

"Na haya maji," alisema, "nani huamua yawe ya moto kiasi gani?"

Teizo aliuona uso wa Bibi Masue ukibadilika. Msimu mzima hakuna aliyemwuliza kitu anachokijua. Alieleza yote, mfereji, vizibo, ubao, jinsi anayetangulia alivyo mwenye maji, jinsi mwenyekiti wa kijiji alivyowahi kuomba maji yalainishwe akanyimwa, akarudi nyumbani na taulo kavu. Aliigiza sauti ya mwenyekiti. Aliigiza mwendo wake. Mwanamke alicheka mpaka akafuta machozi, na Bibi Masue alicheka pia, ameegemea nguzo, kimono imemlegea. Kwa muda ule hakuwa Okayo wa mtu yeyote.

Mwanamke yule alikuwa mwandishi wa gazeti la safari.

Gazeti lilifika theluji ilipoanza kuyeyuka. Fusa alilileta bafuni limefungwa kwenye nailoni lisilowe. Picha ya Bibi Masue ilijaza ukurasa, mdomo wazi, na kila mtu akasema ametoka vizuri. Bibi alimwita Teizo amsomee maneno makubwa ya juu.

"Amka kabla ya jua," alisoma Teizo polepole, "uwe mwenye maji wa Hinokura."

"Si uongo," alisema Bibi Masue, amefurahi. Teizo naye hakuona ubaya wowote. Hakuna hata mmoja katika kitongoji aliyeuona.

Majani yalipogeuka tena mekundu, alfajiri moja Teizo alipoondoa komeo la mlango alikuta wasichana watatu mbele ya Bibi Masue. Wamevaa makoti mazito ya kukodi kutoka hoteli ya Kuramochi, wanatetemeka na kucheka. Waliingia. Bibi Masue akaingia nyuma yao. Teizo alizunguka upande wa wanaume kushika ubao wake, akasikia yote.

"Bibi Okayo, leo sisi ndio wenye maji. Tunaomba yawe vuguvugu, kama kitabuni. Tumefanya sawasawa?"

Ndoo ya Bibi Masue ilisikika ikitua juu ya mbao.

"Mmefanya sawasawa," alisema Bibi Masue. "Teizo, kaza kizibo. Wenye maji wamesema."

Teizo alikaza, akayapiga maji kwa ubao kutoka mlango wa nyuma mpaka yakapoa. Kisha moyo ukamshinda. Alirudi kwenye mfereji akakilegeza kizibo, kidogo tu, kiasi ambacho msichana wa mjini hawezi kukitambua mpaka awe ameshatoka.

"Teizo."

"Ndiyo, Bibi."

"Nani ameomba?"

Teizo alikishika tena kizibo.

"Funga."

Alifunga. Bibi Masue aliketi katika maji yale ya uvuguvugu mpaka wasichana walipotoka, na alipotoka yeye mvuke haukufuka kichwani pake. Alipita na mikono yake ameificha ndani ya taulo.

Teizo alimfuata njiani. Hakuwahi kumfuata mtu.

"Bibi, wale ni wageni. Hawahesabiki."

"Mwenyekiti wa kijiji alihesabika?"

"Alikuwa wa hapa."

"Basi mwakani Kuramochi atakuja aniambie mimi nilizaliwa kitongoji cha juu, nimeolewa tu huku, na mimi nisihesabiwe. Sheria ukiipasua mahali pamoja haikuulizi iishie wapi."

"Nitakufungulia mlango wa nyuma mapema."

"Nipenye nyuma kama mwizi? Bafu hili nimelisugua kabla hujajua lipo."

Siku zilizofuata alianza kuamka mapema zaidi. Na wao wakaamka mapema zaidi. Walikuja na mikeka na chupa za chai, wakaketi mlangoni kama wanaongoja kuona mchezo, na walipomwona anakuja na ndoo yake walimpigia makofi. Mara moja moja alishinda. Mara nyingi alikuta mstari. Vijana wenyewe hawakuwa na ubaya. Walimpa chai, walimshika mkono, walimwambia wamekuja mbali sana kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomkaba Teizo. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alimwomba Fusa awe anatangulia yeye. Fusa alisema alfajiri ndiyo saa ya tofu, na majirani wengine saa hiyo walikuwa wanapika maandazi ya kuwauzia hao hao waliokuwa mlangoni.

"Itisha kikao, Bibi," alisema Teizo. "Waambie wageni wasiwe wenye maji. Watakubali."

"Vikao vitatu nimesema desturi haiguswi. Sasa niende niseme iguswe, kwa kuwa imeniuma mimi? Watanicheka mbele ya chai nyepesi ya Fusa."

"Wacheke."

"Wewe huwezi hata kusalimia mtu usoni, unaniambia mimi nichekwe."

Maneno hayo yalimchoma, lakini yalimpeleka pia. Siku iyo hiyo mchana Teizo alivaa koti safi akaenda hotelini kwa Kuramochi. Alisimama penye viatu vya wageni, hakupanda ukumbini ingawa aliitwa. Kuramochi akamfuata yeye mwenyewe.

"Mikono yake imefungika," alisema Teizo, akiongea na soksi za Kuramochi. "Bibi Masue. Hasuki tena. Waambie wageni wako wasije alfajiri."

"Teizo, bomba nimelitandaza?"

"Hapana."

"Kuna mgeni aliyefungulia maji baridi?"

"Hapana."

"Kuna aliyevunja desturi?"

"Hapana."

"Basi niambie niwakataze nini. Wanaamka gizani kufuata desturi yenu kuliko nyinyi wenyewe. Mimi nikiwazuia nitakuwa nimevunja neno nililompa mama yule." Sauti yake ilikuwa laini, na uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. "Mwambie aje hapa hotelini. Nitamfungulia bafu la familia, bure, wakati wowote."

Bafu la hoteli lilikuwa na maji ya kupozwa tangu kwenye tangi. Teizo alilijua, Kuramochi alilijua. Teizo alitaka kulisema. Alizitazama soksi, akainama, akaondoka, na njia nzima mpaka bafuni alikuwa akiyasema yale maneno peke yake, vizuri kabisa, yote kwa mpangilio.

Theluji ilianguka. Teizo akaanza kuchota maji kutoka chemchemi ya juu kwa ndoo yenye kifuniko, akaifunga kwa blanketi, akateremka nayo mpaka nyumbani kwa Bibi Masue. Njia ilikuwa ya barafu. Alipofika, maji yalikuwa yamekwisha nguvu. Bibi Masue alitumbukiza mikono akaiacha humo, akitazama ukutani palipoegemezwa kikapu kilichofika nusu, mbugu zake zimekauka na kusimama kama nywele za kichaa.

"Yamepoa," alisema Teizo.

"Nimeona."

"Kesho nitakimbia."

"Utaanguka uvunje kiuno, halafu nani atapokea viatu vya watu?" Alitoa mkono mmoja akajaribu kuufungua. Vidole viwili vilikubali. "Maji ya chemchemi ukiyatia kwenye ndoo yanakuwa maji ya kuoshea vyombo tu. Acha, Teizo. Unanikera."

Hakuacha. Alikwenda kila siku, na kila siku alimkera, mpaka ikafika asubuhi alipomkuta hawezi kukunja tambara la kupangusia mikono. Alimkunjia yeye.

Mwana wa Bibi Masue, Shigeo, alikuja mwisho wa majira ya baridi kutoka mji wa uwandani alikofanya kazi ya kiwanda. Alikuwa na nyumba ya ghorofa ndogo yenye bafu la gesi. Alimweleza mama yake huku Teizo akifunga mizigo: unazungusha kitasa tu, moto unawaka, unayataka makali kiasi gani unayapata, asubuhi, mchana, wakati wowote, na hakuna mtu mbele yako.

"Na nyuma yangu?"

"Nyuma yako nani, Mama? Ni bafu letu."

"Kwa hiyo nikisema yawe makali au yawe laini, namwambia nani?"

"Humwambii mtu."

Bibi Masue alitikisa kichwa kama aliyeelezwa ugonjwa wa mtu mwingine. Lakini alikubali. Alimwita Fusa akampa jiwe lake la kukandamizia achari. Teizo alipewa vikapu viwili vya mwisho, akaambiwa kimoja akitumie kutilia brashi. Kimono Bibi alimrudishia Kuramochi, ambaye aliipokea kwa mikono miwili akainama muda mrefu, na bila shaka alimaanisha.

Siku ya kuondoka bafu halikuwa na mstari mlangoni. Wageni walikuwa wamejazana kituo cha basi wakirudi makwao. Teizo alibeba furushi. Njiani alikuwa amepanga maneno matatu manne ya kusema. Walipofika, msichana mmoja akamtambua Bibi Masue, akanong'ona, na minong'ono ikatembea: ni Okayo, Okayo anaondoka, tazama, kuna na theluji. Kamera zikatolewa mikobani. Watu walirudi nyuma kwa adabu wakaacha nafasi, ili wao wawili waonekane.

Shigeo alipandisha mizigo. Bibi Masue akapanda, akaketi dirishani, akakisukuma kioo kwa kiwiko kwa sababu vidole havikuweza. Basi likanguruma. Teizo alisimama chini, maneno yake yote yamepotea, macho kwenye gurudumu. Kisha akainua uso akamtazama bibi huyo machoni, na mkono wake ukaanza kupanda wenyewe kumpungia. Kamera zikalia.

"Shusha mkono, Teizo," alisema Bibi Masue. "Watadhani na hili limo kitabuni."